Watoto 68 na mwamba mmoja: jibu kwa mwalimu anayetaka kufundisha maisha ya pwani ya mawe

"Ninafundisha darasa la tano katika shule ya msingi iliyo karibu na ufukwe wa mawe hapa Dar es Salaam. Darasa lina watoto 68. Nataka kuwapeleka mwambani maji yakipwa, wajifunze viumbe wanaoishi pale na namna sisi binadamu tunavyowaathiri. Mambo matatu yananitia wasiwasi. La kwanza, sina utaalamu wa bahari, na najua wataniuliza majina nisiyoyajua. La pili, mwalimu mwenzangu ameniambia kwamba kundi kama hilo likipita mwambani mara moja tu litaua viumbe wengi, na kwamba ni heri tuwaletee wanyama wachache kwenye ndoo darasani. La tatu, mama wa baadhi ya wanafunzi wangu huokota chaza na kuchokoa pweza palepale. Nikifundisha kwamba binadamu anaharibu bahari, watoto hao watajisikiaje? Nianzie wapi?"

Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na hasa kwa sehemu yake ya tatu, kwa sababu masomo mengi ya mazingira hupotea njia hapo. Mtoto hufundishwa kwamba bahari inaharibiwa na "watu" kabla hajaonyeshwa hata kiumbe mmoja anayeishi humo, kisha akirudi nyumbani anagundua kwamba watu hao ni mama yake na shangazi yake. Ushauri wangu ni kuugeuza mpangilio huo. Safari ya kwanza iwe ya kumjua kiumbe na shida zake za kila siku, bila neno lolote kuhusu uharibifu. Habari ya binadamu ije baadaye, ianze na nyayo za watoto wenyewe, na ije kama jambo la kuchunguza na kupima. Nitakueleza kwa nini naona hivyo, lakini tuanze na maji, kwa kuwa usipoyaelewa maji hutaelewa lolote lililo juu ya mwamba ule.

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana kila siku maji hupwa kwa kuchelewa kidogo kuliko jana, kwa wastani wa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua, ambapo tofauti ya kimo kati ya maji makuu na maji makavu huweza kukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi mbali. Watoto wanaofuata kalenda ya Hijria watalishika jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa tayari wanajua mwezi una siku ngapi leo.

Kuna jambo moja la pwani yetu ambalo linakufaa sana, nalo ni kwamba siku za bamvua maji hufikia ukavu wake wa mwisho mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na tena saa kama hizo usiku. Kwako wewe huo ni wakati wa masomo. Kwa kiumbe anayeishi sehemu ya chini ya mwamba ni mtihani mkubwa, kwa sababu siku chache anazoachwa wazi na maji ni siku ambazo jua la mchana linamkuta palepale. Mwambie mtoto aweke kiganja juu ya jiwe lililokauka saa nne na nusu, halafu mwulize angefanya nini kama asingeweza kuondoka hapo hadi alasiri. Somo zima linaweza kujengwa juu ya swali hilo moja.

Majibu yako mwambani, yamejipanga kwa tabaka. Sehemu ya juu kabisa, ambayo hupata rasharasha za mawimbi tu, mtakuta konokono wadogo waliojibanza kwenye nyufa, kila mmoja amefunga mlango wa gamba lake kwa kifuniko kigumu ili unyevu usitoke. Baadhi yao hujibandika kwa ute mkavu pembeni mwa gamba ili nyama yao isiguse jiwe la moto. Chini yao kuna ukanda wa chaza wa mwambani, wenye kingo kali zinazokata miguu, pamoja na vile vinyama vidogo vigumu vilivyogandia mwambani mfano wa vichuguu vyenye tundu kileleni. Wengi hudhani vinyama hivyo ni aina ya konokono, kumbe ni ndugu wa kaa na kamba. Vikiwa vichanga huogelea huru baharini, kisha huchagua jiwe, hujigandisha kwa gundi yao wenyewe, na havihami tena hadi kufa. Maji yakirudi hufungua tundu la juu na kutoa miguu yao iliyo laini kama manyoya ili kuchuja chakula. Watoto wakitulia kando ya dimbwi lenye vinyama hivyo bila kutia kivuli, wataiona miguu hiyo ikitoka na kurudi.

Chini zaidi kunaanza mwani, na katika madimbwi kuna samaki wadogo warukao kutoka dimbwi moja hadi jingine, kaa wepesi wa kujificha, viti vya pweza (wale wanyama wenye umbo la nyota), majongoo bahari, na pengine pweza mwenyewe ndani ya pango lake. Dimbwi laonekana kuwa mahali pa raha, na wengi huwaambia watoto hivyo, lakini si kweli. Jua likiwaka maji yake hupata joto haraka na chumvi huzidi kwa sababu ya mvukizo. Mvua ya masika ikinyesha wakati maji yamepwa, dimbwi lilelile hujaa maji yasiyo na chumvi kwa muda mfupi. Usiku, viumbe wote waliomo wanapopumua bila mwani kutengeneza oksijeni, hewa huwa haba.

Sasa waulize swali ambalo hata wanafunzi wa chuo hukosea: ikiwa huko juu kuna joto na ukavu namna hii, kwa nini konokono na vinyama vile vyenye tundu visihamie wote chini kwenye maji mengi? Jibu ni kwamba mpaka wa juu wa kiumbe mara nyingi huwekwa na ukavu na joto, lakini mpaka wake wa chini huwekwa na viumbe wenzake, yaani wanaomla na wanaomsonga. Mwanasayansi Joseph Connell alilithibitisha hilo katika pwani ya Scotland, na akachapisha matokeo yake mwaka 1961. Alipoondoa aina kubwa ya vinyama vile vya kugandia mwambani, aina ndogo iliyokuwa ikionekana juu tu iliishi vizuri hata chini, jambo lililoonyesha kwamba ilikuwa imesukumwa juu na jirani yake, si kwamba ilipapenda. Mtoto akilielewa hili, ameelewa kwamba kila kiumbe pale anashikilia nafasi finyu aliyoipata kwa taabu. Baada ya hapo huhitaji kumhubiria sana kwa nini asimng'oe.

Kuhusu majina, usijisumbue, Mwalimu. Mtoto anayetazama mnyama kwa dakika kumi na kumwelezea kwa maneno yake mwenyewe, "konokono mweusi mwenye meno meupe mlangoni", amejifunza zaidi ya yule aliyekariri jina la Kilatini. Wape majina yao ya muda, wachore, kisha piga picha na uandike kimo walikomkuta. Na kwa majina ya kwetu hasa, mna walimu karibu kuliko mnavyodhani. Nitalirudia hilo.

Mwenzako aliyekuonya kuhusu nyayo ana haki kwa kiasi. Kukanyaga huvunja mwani, huponda viumbe wachanga ambao jicho halijawaona, na madhara huongezeka pale watu wengi wanapopita njia ileile mara kwa mara. Hata hivyo tiba aliyoipendekeza ni mbaya kuliko ugonjwa. Ndoo ya maji ya bahari darasani hupata joto upesi na oksijeni yake huisha, na wanyama wasiopatana hubanwa pamoja wasiweze kukimbiana. Hata wakirudishwa jioni wakiwa hai, mara nyingi hutupwa mahali pasipo pao. Tumeona jinsi tofauti ya nusu mita tu ya kimo ilivyo tofauti ya maisha na kifo kwao. Kinyama kilichogandia mwambani kikibanduliwa hakiwezi kujigandisha tena, na hicho ni kifo cha hakika. Tena ndoo humfundisha mtoto kwamba mnyama ni kitu cha kubebwa, na somo hilo halifutiki kwa maneno.

Kwa hiyo nendeni, lakini punguza idadi ya nyayo. Usiwapeleke watoto 68 kwa pamoja. Bamvua hudumu siku kadhaa, basi ligawe darasa siku mbili au tatu mfululizo, na kila watoto sita wawe na mtu mzima mmoja. Chagueni njia moja ya kupita, juu ya mchanga au jiwe tupu, na kila kundi likae katika kipande chake badala ya kuzurura. Mawe yasigeuzwe na watoto. Geuza wewe jiwe moja, polepole, waonyeshe jinsi upande wa chini ulivyo na viumbe tofauti kabisa na wa juu, kisha lirudishe kama lilivyokuwa. Likiachwa limepinduka, walio chini hukaushwa na jua na mwani wa juu hufa kwa kukosa mwanga. Najua kurudisha jiwe ni jambo dogo, lakini nimeona watu wazima wengi mno wakiliacha, na ningependa mtoto amwone mwalimu wake akipiga magoti kulirudisha.

Je, waguse? Kuna wenzangu wanaokataza kabisa. Mimi siwaungi mkono kwa watoto wa miaka kumi na kumi na moja, kwa sababu mkono ni sehemu ya akili yao. Waguse jiwe, waguse mwani, waguse gamba la konokono uliyemkagua wewe kwanza, kwa kidole kimoja kilicholowa, mnyama akiwa palepale alipo. Magamba matupu nayo yaachwe, ingawa hapa ndipo utakapopata upinzani mkubwa kuliko pote. Watu husema mwenyewe amekwisha kufa, yana faida gani? Kuna kaa ambao sehemu yao ya nyuma ni laini na hawana gamba lao wenyewe, hivyo huishi ndani ya magamba ya konokono waliokufa na huhama kila wanapokua. Gamba tupu mkononi mwa mtoto huenda ni nyumba ambayo kaa fulani angeihamia wiki ijayo.

Safari ya pili, mwezi unaofuata, rudini mahali palepale na katika maji ya kimo kilekile. Tengenezeni fremu ya mbao au kamba yenye nusu mita kila upande, iwekeni mahali mlipopatia alama, na mhesabu aina mlizoziona na wingi wao. Hapo ndipo unaweza kuuliza, kwa mara ya kwanza: je, njia tuliyopita mwezi uliopita inafanana na mahali tusipopita? Huenda wasione tofauti, nawe useme hivyo bila kuona haya. Viumbe wa mwambani hupungua na kuongezeka kwa sababu nyingi, zikiwemo mawimbi ya kusi, joto na bahati ya vichanga kutua, hivyo hesabu ya siku mbili haitoshi kumhukumu mtu yeyote. Mtoto anayejifunza kusubiri ushahidi atakuwa mtetezi bora wa bahari kuliko yule aliyejazwa hasira.

Kisha linganisheni miamba miwili, mmoja ulio karibu na mdomo wa mfereji wa maji machafu na mwingine ulio mbali nao, yote katika kimo kimoja na yenye kupigwa na mawimbi sawasawa, vinginevyo mtalaumu mfereji kwa jambo lililoletwa na wimbi. Mara nyingi karibu na mfereji mtaona utandu wa mwani wa kijani kibichi. Mwani huo unapendeza macho, na watoto watadhani ni dalili ya afya. Waeleze kwamba maji machafu hubeba virutubisho vinavyoustawisha mwani unaokua haraka, nao hufunika jiwe tupu ambalo vichanga vya chaza na vinyama vingine vilihitaji kulishika. Tafadhali uchunguzi huu ufanyike kwa macho tu, kutoka juu, bila mtoto yeyote kugusa maji ya mfereji.

Taka ni somo rahisi zaidi na hulifundisha karibu kila mtu, basi sitalikalia sana. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini vifuniko, chupa, kandambili na vipande vya nyavu bado vipo. Mkizikusanya, zigaweni kwa aina na muulizane kila kimoja kilitoka wapi. Baada ya mvua kubwa jibu mara nyingi liko barani, kwenye mitaro na mito kama Msimbazi, na si kwa mtu aliyekuwa ufukweni siku hiyo. Kwa joto la bahari, watoto wa umri huu watosheke na maelezo mafupi kwamba mwaka 1998 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi yakapauka na kufa, na kwamba chanzo cha joto la namna hiyo ni kikubwa kuliko kijiji chochote. Usimwachie mtoto mzigo asioweza kuubeba.

Sasa turudi kwa akina mama. Usiwaseme, Mwalimu, waalike. Mwanamke aliyekwenda mwambani tangu utotoni anajua saa ya maji bila jedwali, anajua pango lipi lina pweza na lipi lina mkunga, yule samaki mfano wa nyoka, na anakumbuka palivyokuwa zamani. Mwombe aje na mchokoo wake awaonyeshe watoto, ataje majina, na aulizwe zamani walipata nini na sasa wanapata nini. Mtoto wake atamwona mama yake akiheshimiwa mbele ya darasa kama mtaalamu, na ndivyo alivyo.

Kisha lisemwe wazi kwamba namna ya kuchukua ina uzito kuliko kuchukua kwenyewe. Wapo wanaofungua gamba la juu la chaza, wakachukua nyama na kuliacha gamba la chini likiwa limegandia, na vichanga vya chaza hupenda kutua juu ya magamba ya wakubwa wao. Wapo pia wanaovunja jiwe lenyewe, na jiwe hilo ni matumbawe ya kale yaliyojengwa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wala halitajengwa tena kwa ajili yetu. Pweza naye hukua haraka sana na huishi takriban mwaka mmoja. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai bila kula, kisha hufa. Kwa sababu hiyo, kufunga eneo kwa miezi michache humpa nafasi ya kuongezeka uzito na kutaga. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walianza kufunga mwamba wao mwaka 2004, na utaratibu kama huo umefanywa pia na vijiji vya Pemba. Watoto wako wanahitaji mfano huu kuliko picha kumi za uharibifu, kwa sababu unawaonyesha wachokoaji wenyewe wakiamua.

Kama mkipata nafasi ya somo jingine, ongezeni habari ya kikande. Samaki huyu hula wale wanyama wa duara wenye miiba, na utafiti katika miamba ya Kenya umeonyesha kwamba pale samaki wanaokula wanyama hao walipovuliwa kupita kiasi, wanyama hao wa miiba walizidi na kuitafuna miamba ya matumbawe. Mvuvi wa kikande hakuwahi kuugusa mwamba, na hata hivyo mwamba ulibadilika.

Usalama hauna mjadala. Pata jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari Tanzania, shukeni mwambani maji yakiendelea kupwa, na mgeuke kurudi yanapofika ukavu wa mwisho, kwani maji yanayojaa huzunguka nyuma ya watu kwa kupitia mikondo ya chini kabla hawajatambua. Siku za kusi kali ahirisheni. Kila mtoto avae viatu vilivyofunika vidole. Hakuna anayetia mkono kwenye tundu, na hakuna anayeokota konokono mwenye umbo la koni hata awe mzuri vipi, kwa kuwa baadhi yao huchoma kwa sumu inayoweza kuua mtu. Mtoto akichomwa na miiba au na samaki jiwe, tumbukiza sehemu iliyochomwa katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, ukiyapima kwanza kwa mkono wako mwenyewe, huku mkimpeleka hospitali. Akichomwa na konokono yule, mtulizeni asitembee wala kukitumia kiungo hicho na mmfikishe hospitali mara moja, hata kama hana maumivu makubwa.

Nenda wewe mwenyewe mwambani kwanza, bila watoto, katika bamvua inayotangulia, ukiwa na mvuvi au mchokoaji anayepajua. Maelezo yangu hayawezi kuchukua nafasi ya macho yake mahali hapo. Kama ufukwe wenu umo katika hifadhi au eneo tengefu la bahari, omba kibali kwa wasimamizi wake kabla ya safari. Mkiona jambo lisilo la kawaida, kama samaki wengi waliokufa, mafuta, au mwamba mzima uliopauka, msiliguse wala msijaribu kulieleza wenyewe, bali lipelekeni kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, au kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, mkiambatanisha picha, tarehe, saa na kimo cha maji. Daftari la hesabu za watoto pia liende, kwa maana mtafiti atakayelisoma atataka kujua palikuwaje miezi iliyotangulia, na huenda darasa lako likawa ndilo pekee lililopatazama.